Bodi ya kujitolea ya Tuzo ya vijana: namna ya kuiendesha Mwanza na visiwa vya Ziwa Victoria

Kijana wa miaka 14 anapojiandikisha ngazi ya Shaba ya Tuzo ya Kimataifa ya Duke of Edinburgh, anaahidiwa kwamba akitimiza upande wake, atakuwepo mtu mzima wa kumwongoza, kumtathmini na kumwidhinishia. Bodi ipo kwa ajili ya ahadi hiyo. Nembo, barua za mialiko na sherehe ya kukabidhi beji vina nafasi yake, lakini ukitaka kujua kama bodi inafanya kazi, hesabu walioanza, hesabu waliomaliza, kisha uliza walio katikati wamekwama kwa nani.

Wajumbe waujue mpango wenyewe

Tuzo ilianzishwa Uingereza mwaka 1956 na Prince Philip, ikichota mawazo ya mwalimu Kurt Hahn. Majirani zetu wa Kenya wanayo tangu 1966 kwa jina la President's Award. Ni ya vijana wa miaka 14 hadi 24. Shaba huanza na miaka 14, Fedha 15, Dhahabu 16. Kila ngazi ina huduma kwa jamii, stadi, mazoezi ya mwili na safari ya changamoto, na Dhahabu huongeza mradi wa kuishi siku 5 na usiku 4 pamoja na watu ambao kijana hajazoeana nao.

Kinachowachanganya wajumbe wengi ni muda. Katika Shaba, kijana hufanya miezi 3 kwa kila moja ya zile sehemu tatu za kila wiki (huduma, stadi na mazoezi), kisha huongeza miezi 3 katika sehemu moja anayoichagua mwenyewe, kwa hiyo hawezi kumaliza chini ya miezi 6. Fedha ni miezi 6 kwa aliyemaliza Shaba na 12 kwa aliyeanzia hapo. Dhahabu ni 12 kwa aliyetoka Fedha na 18 kwa aliyeingia moja kwa moja. Kipimo ni walau saa moja kwa wiki, kwa mfululizo. Mjumbe akipendekeza vijana "wamalizie saa zote likizo ya Juni tuwape vyeti", bodi imkatalie hapo hapo, kwa sababu saa 13 za siku mbili si sawa na saa 13 za wiki 13. Tuzo inapima kudumu.

Likizo yenyewe inahitaji mpango. Mwanafunzi wa bweni anayesoma Nyamagana na kwao ni Ukerewe au Sengerema achague shughuli inayoweza kuendelea nyumbani, na mtathmini wa huko ajulikane kabla shule hazijafungwa. Mtathmini huyo asiwe mzazi wala ndugu yake.

Msipokee vijana kuliko watu wazima mlionao

Vituo vingi vinavyoendesha Tuzo huvunjikia hapa. Chukua vijana 40 wa Shaba wanaoanza Januari. Kundi la safari ni watu 4 hadi 7, kwa hiyo mna makundi 6 kwa uchache. Kila kundi lina safari ya mazoezi na safari ya kutathminiwa, jumla safari 12, kila moja siku 2 na usiku 1. Kiongozi akiwa mmoja na akienda na kundi moja kila mara, hizo ni wikiendi 12. Ukiondoa mvua za Machi hadi Mei, mitihani, Ramadhani na sikukuu, wikiendi 12 huzipati ndani ya muhula, na kiongozi mwenyewe ana familia. Wakiwa viongozi watatu waliopata mafunzo ya Tuzo, kila mmoja ana safari 4, na hapo mpango unabebeka.

Kwa hiyo kikao cha Novemba kipitishe ukomo wa kupokea vijana kwa mwaka unaofuata, kwa namba, ukitokana na idadi ya viongozi waliofunzwa na wanaopatikana kweli. Mkuu wa shule akiomba kuongezewa 20, jibu la bodi liwe: tupatie walimu wawili wa kufunzwa kwanza.

Nani akae kwenye bodi

Watu 7 au 9 wanatosha. Tafuteni mhasibu, mwalimu wa sekondari, mhudumu wa afya, mtu anayesoma sheria na mikataba bila woga, mzazi, na kijana mmoja au wawili waliomaliza Fedha au Dhahabu. Kwa kanda yetu ongezeni mtu wa majini: nahodha mstaafu, au mvuvi mzoefu anayeheshimika mwaloni. Safari ikijadiliwa, huyo ndiye atakayeuliza maswali ambayo mwalimu na mhasibu hawayafikirii.

Ipo desturi ya kujaza bodi kwa majina makubwa. Mheshimiwa anakubali, haji, akidi haitimii, na maamuzi yanakaa miezi sita. Mheshimiwa apewe ulezi wa programu, aalikwe kwenye sherehe, afungue milango ya ofisi anazozifahamu. Kiti cha mjumbe apewe anayeweza kufika mara nne kwa mwaka na kusoma makabrasha kabla hajafika.

Muhula uwe miaka 3, na mjumbe asizidi mihula miwili mfululizo. Bodi ya watu 9 ipange watatu watoke kila mwaka, ili isije siku wote wakaondoka na kumbukumbu zao. Akidi iwe watu 5. Mratibu, anayesimamia kazi za Tuzo za kila siku, anahudhuria na kutoa taarifa, hapigi kura. Mjumbe asiyefika vikao vitatu mfululizo bila udhuru ahesabike amejiuzulu, na hilo liandikwe kwenye katiba, kwa sababu Mwanza tunafahamiana mno na hakuna atakayetaka kumwambia ana kwa ana.

Kikao

Vikao vinne kwa mwaka, tarehe zipangwe Januari. Jumamosi saa 4 asubuhi hadi saa 6 na nusu inawafaa wengi, wakiwemo wanaovuka kwa kivuko. Taarifa ya kikao itoke siku 14 kabla, makabrasha siku 7 kabla.

Mpangilio wa ajenda tuliouzoea huanza na yatokanayo na kuishia na mengineyo, na vyote viwili vina hatari yake. Yatokanayo hula saa nzima watu wakirudia mjadala wa kikao kilichopita. Mengineyo hupitisha matumizi ya fedha wakati nusu ya wajumbe wameshasimama. Wekeni yatokanayo kama jedwali la mstari mmoja kwa kila jambo: nini, nani, lini, limefanyika au bado. Na kanuni iseme wazi kwamba hakuna uamuzi wa fedha wala wa safari unaopita kwenye mengineyo.

Ajenda ya kwanza yenye uzito iwe ukurasa mmoja wa namba, kwa kila kituo na kila ngazi, wasichana na wavulana wakihesabiwa kando kando: waliojiandikisha, walioingiza rekodi ndani ya siku 30 zilizopita, wanaosubiri kuidhinishwa, waliomaliza, walioacha na sababu. Safu ya wanaosubiri kuidhinishwa isomwe kwa makini kuliko zote. Kijana amejaza saa zake kwenye kitabu cha rekodi cha mtandaoni, mtathmini hajathibitisha, wiki zinapita, kijana anakata tamaa. Lawama hapo ni ya watu wazima. Safu hiyo ikikua vikao viwili mfululizo, mratibu alete majina ya wathibitishaji waliochelewa, na mjumbe mmoja apewe kazi ya kuwapigia simu. Wasichana wakiacha kwa wingi kuliko wavulana, angalieni kwanza saa na mahali pa shughuli. Mazoezi yanayoisha saa 1 jioni mbali na stendi ya daladala yatamtoa msichana hata kama anayapenda.

Muhtasari uandikwe wa kutendewa kazi. Sentensi hii haifai: "Wajumbe walijadili kwa kina suala la safari na kukubaliana lifanyiwe kazi." Hii inafaa: "Bodi imeridhia safari ya Shaba, makundi mawili, kwa miguu kutoka Rugezi hadi Nansio, kwa sharti kwamba mratibu atawasilisha kwa katibu fomu za ridhaa za wazazi na jina la zahanati ya karibu siku 10 kabla ya kuondoka." Katibu asambaze rasimu ndani ya siku 7, wakati bado watu wanakumbuka.

Kundi la WhatsApp libaki la taarifa. Dole gumba si kura. Likitokea jambo la dharura, azimio liandikwe kamili, kila mjumbe ajibu kwa jina lake "naafiki" au "siafiki", lihesabiwe kwa akidi ileile, kisha lithibitishwe kwenye muhtasari wa kikao kinachofuata.

Fedha

Akaunti iwe ya taasisi, na watia saini watatu ambao wowote wawili wanatosha. Wawili hao wasiwe mke na mume, wala mtu na bosi wake. Michango ya wazazi kwa simu iingie kwenye Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la taasisi. Laini binafsi ya mratibu isitumike hata mara moja, hata akiwa mwaminifu kuliko wote: siku simu inapopotea au anapohamishwa kikazi, hakuna atakayetenganisha fedha za vijana na ada za watoto wake, na yeye ndiye atakayeumia.

Suala la posho lisemwe waziwazi siku mjumbe anapoalikwa. Kujitolea maana yake hakuna posho ya kikao, ila hakuna pia anayepaswa kutoa nauli mfukoni. Pangeni viwango vya nauli na chakula mwanzoni mwa mwaka, mlipe kwa tiketi au kwa kiwango kilichopitishwa, sawa kwa mwenyekiti na kwa kijana. Mjumbe anayetoka Nansio asipate pungufu ya gharama yake halisi kwa sababu wenzake wanaishi Ilemela.

Fedha iliyotolewa kwa ajili ya safari isikopeshwe kwa ajili ya sherehe. Mweka hazina alete kila kikao jedwali lenye safu tatu, yaani bajeti, iliyotumika na iliyobaki, pamoja na salio la benki la tarehe inayoeleweka. Mjumbe mwenye mtumbwi wa kukodisha au duka la maturubai atangaze maslahi yake, atoke chumbani wakati wa uamuzi, na muhtasari uonyeshe kwamba alitoka. Kama mmesajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa zinakwenda kwa Msajili. Wekeni jina la anayewajibika na tarehe yake kwenye kalenda ya Januari.

Ziwa

Kwetu hapa hili haliachwi kwa mratibu peke yake. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikija Mwanza. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Ukara, na zaidi ya watu 200 wakafa. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba kupita uwezo.

Safari ya Tuzo hufanywa kwa nguvu za vijana wenyewe, kwa miguu, baiskeli au kasia, bila injini. Chombo cha injini kinatumika kuwafikisha wanapoanzia tu. Kwa hiyo kwanza ulizeni kama kuvuka kunahitajika. Misungwi, Magu na Kwimba zina njia nzuri za miguu zisizogusa maji. Wakilazimika kuvuka, bodi ipitishe masharti haya bila ruhusa ya kuyalegeza siku ya safari: chombo cha abiria chenye cheti halali cha TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), jaketi okozi limevaliwa na kufungwa kabla ya kuondoka gatini, kuvuka mchana, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe asubuhi hiyo. Dhoruba za radi za ziwa hili hupiga sana usiku hadi alfajiri, hivyo kuondoka saa 10 usiku "tuwahi" ni kosa. Kiongozi awe na mamlaka kamili ya kuahirisha, na gharama za kuahirisha zitengwe kwenye bajeti, la sivyo atavuka kwa kuogopa kudaiwa nauli iliyopotea.

Kuoga ziwani kukatazwe pia. Kichocho kipo kwenye maji ya mwambao, na hakionekani.

Ulinzi wa watoto

Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kwa hiyo vijana wenu wengi ni watoto kisheria. Mteueni mjumbe mmoja wa ulinzi, asiwe mwenyekiti wala ndugu wa mratibu, na namba yake wapewe vijana wenyewe. Watu wazima wasiopungua wawili kwenye kila safari, mmoja awe mwanamke kama kuna wasichana. Lalamiko likija, bodi haifanyi upelelezi wala suluhu ya kifamilia: linakwenda siku hiyohiyo kwa ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na anayelalamikiwa anasimama kazi mpaka litakapokwisha. Namba 116 ya kusaidia watoto iandikwe kwenye kila fomu. Fomu za afya na picha za vijana zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zikae kwenye kabati lenye ufunguo, wala zisirushwe kwenye makundi ya simu.

Kupokezana

Mjumbe anapotoka, katibu awe na orodha ya alichoshika: saini ya benki, nywila ya mfumo wa rekodi, funguo za stoo ya mahema, fomu za ridhaa, mikataba. Barua ya kubadilisha watia saini ipelekwe benki ndani ya siku 14. Mweka hazina anayetoka akae na anayeingia, wasome salio la benki na la Lipa Namba mbele ya mwenyekiti, waandike kiasi na tarehe, na wote watatu wasaini.