Somo: Kuhamishia kazi za shule ya sekondari kwenye wingu kwa akaunti za shule yenyewe

Somo hili linawahusu walimu wa TEHAMA na walimu wa taaluma wa sekondari za Tanzania wanaotaka notisi, mazoezi na alama vikae kwenye wingu, yaani kwenye seva za mbali zinazofikiwa kwa intaneti, badala ya kubaki kwenye flashi na kompyuta moja ya ofisini. Nitatumia Google Workspace for Education Fundamentals, kifurushi cha Google cha barua pepe, hifadhi na hati za mtandaoni kwa ajili ya shule, kwa sababu haitozwi ada kwa shule zinazotambuliwa na serikali na kukidhi masharti yake.

Shule nyingi huanza kwa mwalimu mmoja kufungua akaunti binafsi ya Gmail na kuwashirikisha wenzake folda. Ni njia ya haraka, lakini mwalimu huyo akihamishwa kituo, alama za miaka mitatu huhama naye, na nafasi yenyewe ni GB 15 tu, zikiwemo barua pepe na picha zake. Ndiyo maana hatua mbili za kwanza, ingawa zinaonekana za kiofisi, nitazieleza kwa kirefu.

Hatua ya kwanza: jina la kikoa na wasimamizi

Sajili jina la kikoa, yaani anwani ya shule kwenye intaneti, linaloishia na .sc.tz, lililotengwa kwa ajili ya shule, kupitia wakala anayetambuliwa na msimamizi wa majina ya .tz. Lisajiliwe kwa jina la shule, na ada yake ya kila mwaka iingizwe kwenye bajeti, kwa kuwa likiachwa kuisha muda, barua pepe za shule nzima husimama. Unapoomba huduma, Google itakutaka uthibitishe kwamba kikoa ni chenu kwa kuweka rekodi ya TXT, yaani mstari mfupi wa maandishi utakaopewa, kwenye mipangilio yake, kisha itaihakiki shule. Uhakiki unaweza kuchukua siku kadhaa. Wateue wasimamizi wakuu wawili, mmoja akiwa katika ofisi ya mkuu wa shule, na wote wawashe uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na uthibitisho wa pili kama vile msimbo wa simu. Msimamizi akiwa mmoja, akaugua au akasahau nywila wakati wa mitihani, shule nzima itamsubiri yeye.

Hatua ya pili: akaunti za wanafunzi

Usiandikishe mwanafunzi mmoja mmoja. Andaa lahajedwali lenye jina la kwanza, jina la ukoo, anwani ya barua pepe, nywila ya muda na kundi lake, lihifadhi kama faili la CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato), kisha lipakie kwenye ukurasa wa msimamizi. Anwani itokane na namba ya usajili wa mwanafunzi, kwa sababu akina Juma Hamisi katika shule moja si haba. Makundi yapange kwa mwaka wa kuanza shule, si kwa kidato, la sivyo kila Januari utahamisha mamia ya akaunti.

Kabla ya kupakia faili hilo, hakikisha mzazi ametia saini ridhaa kwenye fomu ya kujiunga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti.

Hatua ya tatu: hifadhi za pamoja

Kila idara ifunguliwe hifadhi ya pamoja (Shared drive), ambamo mafaili ni mali ya shule wala si ya mwalimu aliyeyapakia. Alama zikae katika hifadhi ambayo wanafunzi si wanachama wake.

Hatua ya nne: kufundishia

Kuweka notisi ndiyo matumizi madogo kabisa ya wingu. Chukua jaribio la pendulamu la Fizikia. Kila kikundi kinapewa urefu wake wa uzi, kinapima muda wa mibembeo 20, na kuingiza jibu kwenye lahajedwali moja linaloonekana na darasa zima. Lahajedwali linakokotoa muda wa mbembeo mmoja, linauzidisha kwa wenyewe, na kuchora grafu dhidi ya urefu katika mita. Mstari unapaswa kuwa na mteremko unaokaribia 4. Kikundi chenye uzi wa sentimita 50 kitapata sekunde 28.4 hivi. Kikihesabu mibembeo 19 kwa kudhani ni 20, kitaandika 27, na nukta yake itakaa chini ya mstari mbele ya macho ya wote. Hapo wanafunzi huanza kuulizana wenyewe nani kahesabu vibaya, na mjadala huo una faida kubwa kuliko grafu arobaini zilizonakiliwa kwa jirani.

Maswali ya walimu

*Bando letu ni dogo na umeme hukatika. Je, inawezekana?*

Inawezekana mkijua kinachokula bando. PDF ya MB 5 ikifunguliwa na wanafunzi 45 ni MB 225 kwa kipindi kimoja, ilhali hati ya maandishi matupu hutumia kidogo sana. Video pakueni usiku na kuionyesha kwa projekta. Mwalimu awashe matumizi ya nje ya mtandao kwenye kivinjari cha Chrome angali ana intaneti. Kazi yake itajisawazisha mtandao ukirudi. Kwenye kompyuta za maabara zinazotumiwa na wengi sishauri, kwa kuwa nakala za mafaili hubaki ndani ya mashine.

*Wanafunzi wetu hawaruhusiwi simu. Watatumia nini?*

Maabara ya kompyuta kwa zamu, kikundi kimoja kwa mashine moja. Jaribio la pendulamu linahitaji hata kompyuta moja tu ya mwalimu, huku wawakilishi wa vikundi wakija kuingiza namba.

*Kwa nini tusiendelee na kundi la WhatsApp?*

Kwa matangazo, endeleeni. Kwa alama, hapana: faili likishasambazwa huko hamwezi kulirudisha kutoka kwenye simu za watu.

*Mwanafunzi akimaliza kidato cha nne, kazi zake zinakwendaje?*

Mpe muda wa kuzihamishia kwenye akaunti yake binafsi, kisha sitisha akaunti ya shule kabla ya kuifuta. Ikifutwa kimakosa, msimamizi anaweza kuirejesha ndani ya siku 20.