Uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA kwa simu: anza mapema, na akaunti iwe yako

Habari za jioni ndugu zangu wa Kigoma. Vijana wanaoomba mkopo wa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na uhakiki unafanyika mtandaoni. Aliyeko Kalya hana haja ya kupanda boti hadi mjini kwa jambo hilo, mradi mtandao unashika.

1. Skani cheti kwa simu, ukihifadhi kama PDF. Kiweke mezani mchana, karibu na dirisha, kila herufi isomeke.

2. Fungua erita.rita.go.tz, ujisajili. Hapa naomba tukae kidogo. Mwaka jana binti wa dada yangu alifunguliwa akaunti steshenari. Foleni ilikuwa ndefu, kijana wa pale akaweka barua pepe yake mwenyewe ili amalize haraka. Tulipotaka majibu, kijana ameshahama na simu yake haipatikani. Tukaanza upya, tukalipa tena, siku za maombi zinakwisha na mtoto analia. Hata ukisaidiwa, barua pepe na namba ya simu ziwe zako, na nywila uiandike kwenye daftari lako nyumbani.

3. Ingia, chagua vizazi, kisha uhakiki. Jaza kama cheti kinavyosema, hata namba ya ingizo. Cheti kikisema Kasulu, chagua Kasulu, ingawa kijiji chenu leo kiko Buhigwe. Buhigwe, Uvinza na Kakonko zimekuwa wilaya mwaka 2012, na wengi wenu vyeti vyenu ni vya kabla ya hapo.

4. Utapewa namba ya malipo inayoanza na 99. Lipia kwenye simu, sehemu ya malipo ya serikali. Anayetaka umtumie hela kwenye namba yake binafsi, mkatalie.

5. Ingia tena kila baada ya siku chache uangalie majibu.

MASWALI

Swali (Ujiji): Asalaam alaikum kaka. Jina la mwanangu kwenye cheti limepishana herufi moja na lile la kidato cha nne. Uhakiki utalirekebisha?

Jibu: Waalaikum salaam dada. Hapana. Uhakiki unathibitisha tu kwamba cheti kimo kwenye kumbukumbu za RITA. Marekebisho anzia kwa msajili wa wilaya, ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Nenda wiki hii, usingoje dirisha la mikopo lifunguliwe.

Swali (Kibondo): Baba wa mtoto alishafariki. Cheti chake nacho kinahitajika?

Jibu: Pole sana mama. Ndiyo, cheti cha kifo nacho kinahakikiwa, kwa akaunti ile ile, ila unaingia upande wa vifo.

Swali (Gungu): Shikamoo. Mimi nina kitochi tu.

Jibu: Marahaba mwanangu. Jumamosi baada ya adhuhuri njoo nyumbani Mwanga, tutatumia simu yangu kufungua barua pepe ya jina lako. Namba ya simu tutaweka ya hicho hicho kitochi, kwa hiyo kije na chaji. Na uje na cheti chenyewe, si kivuli.