Kupanga chumba cha kufulia nyumbani: maji na hewa kwanza, rangi baadaye

Chumba cha kufulia huharibiwa mapema, pale fundi anapobandika vigae kabla ya kujua mashine itakaa wapi. Vigae vikishakauka, kusogeza bomba la maji machafu sentimita 40 ni kazi ya tindo na nyundo. Kwa hiyo usianze na rangi ya kabati. Chora sakafu kwenye karatasi ya miraba, kila mraba ukiwa sm 10, kisha uweke mahali pa koki ya maji, bomba la maji machafu na soketi. Vitu hivyo vitatu ndivyo vitakavyoamua sura ya chumba.

Vipimo

Mashine nyingi za mlango wa mbele zina upana wa sm 60, kimo cha sm 85 na kina cha sm 50 hadi 65. Kipimo cha kina kinachoandikwa dukani mara nyingi hakihesabu mlango unaotokeza mbele wala mipira iliyo nyuma. Ongeza sm 10 kwa nyuma na sm 2 kila upande. Mashine ikisukumwa hadi ukutani, mpira wa kutolea maji hubanwa, maji hutoka kidogokidogo, na mashine husimama katikati ya kazi ikionyesha hitilafu ambayo haimo ndani yake.

Mbele ya mashine acha mita 1 au zaidi kidogo, ili mlango ufunguke wote na wewe upate pa kuchutama na kapu. Ya kujazia juu haitaki nafasi hiyo mbele, lakini inataka kama sm 50 juu yake kwa ajili ya kifuniko, hivyo usahau kaunta hapo.

Kama una mashine ya kukaushia pia, angalia bawaba. Mashine nyingi za kufulia hufungukia kushoto. Ukiiweka ya kufulia kushoto na ya kukaushia kulia, hakikisha mlango wa pili umegeuzwa ufungukie kulia. Vinginevyo mlango utasimama katikati na kila nguo mbichi italazimika kuuzunguka. Katika chumba chembamba, zipandishe: ya kukaushia juu, ya kufulia chini, zikiunganishwa na fremu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Usigeuze mpangilio huo, maana ya kufulia ni nzito na hutikisika sana wakati wa kukamua.

Ukuta wa mita 1.8 unatosha: sm 60 za mashine zilizopandishwa, sm 60 za sinki na sm 60 za kaunta. Wenye mita 3 wana anasa.

Njia ya nguo

Nguo chafu inaingia mlangoni, inachambuliwa, inaondolewa madoa, inafuliwa, inakaushwa, inakunjwa, inatoka. Panga vitu kwa mfuatano huo kuelekea upande mmoja: makapu karibu na mlango, kisha sinki, mashine, na kaunta ya kukunjia mwisho. Sinki likikaa kati ya mashine ya kukaushia na kaunta, nguo kavu zitapita juu ya matone kila siku.

Makapu matatu yanatosha nyumba nyingi: nyeupe, za rangi, na nyeusi pamoja na jinzi. Kila moja liwe la lita 40 hadi 50, maana kapu la ukubwa huo likijaa unajua mzigo mmoja umetimia. Yawe na matundu. Taulo bichi ndani ya kapu lisilopumua hushika kuvu kwa siku mbili tu.

Maji kuingia na kutoka

Bomba la kusimama linalopokea maji kutoka kwenye mashine liwe na mdomo kati ya sm 60 na 90 kutoka sakafuni. Likiwa chini ya hapo, maji yaliyo ndani ya mashine huvutwa yenyewe kwenda nje wakati bado inajaza. Mashine hujaza, maji hukimbia, hujaza tena, na unaweza kukaa mwezi mzima ukilaumu vali. Likiwa juu mno, pampu huchoka, na maji yanayobaki ndani ya mpira hurudi kwenye pipa yakiwa na harufu yake.

Kipenyo cha ndani cha bomba hilo kisipungue mm 40. Mm 50 ni bora. Pampu ya mashine husukuma maji kwa kasi kuliko bomba jembamba linavyoweza kumeza, na yanayokosa njia hupanda na kumwagika juu. Ingiza mpira sm 10 hadi 15 tu ndani ya bomba, uufunge na kibanio usiruke, na uache uwazi pembeni upitishe hewa. Usizibe uwazi huo kwa silikoni eti upendeze, kwa sababu hewa hiyo ndiyo inayozuia maji kuvutwa nje. Chini ya bomba pawe na mpindo wa umbo la U unaobaki na maji muda wote. Bila huo, harufu ya mfereji itahamia kwenye nguo. Bomba la kulala litelemke sm 2 kwa kila mita.

Upande wa maji safi, weka koki mahali mkono unapofika bila kuvuta mashine: juu ya kaunta au ndani ya kabati la sinki. Koki iliyofichwa nyuma ya mashine ya kilo 70 haitakusaidia mpira ukipasuka. Chagua mipira iliyofumwa kwa waya wa chuma cha pua, na uibadilishe kila baada ya miaka 5 hata kama inaonekana mizima. Kama maji yanatoka kwenye tangi la juu, kumbuka kila mita 1 ya kimo hutoa takriban baa 0.1. Mashine inayodai baa 0.5 inataka tangi lililo mita 5 juu ya koki, au pampu ndogo ya kuongeza msukumo. Msukumo ukiwa hafifu, sabuni hubaki kwenye droo na kufua huchukua muda mrefu kupita kiasi.

Sakafu

Mwaga zege lenye mteremko wa sm 1 hadi 2 kwa mita kuelekea tundu la maji. Juu yake paka dawa ya kuzuia maji kupenya, mikono miwili, ukiipandisha ukutani angalau sm 15, na nyuma ya sinki hadi juu ya bomba. Ndipo uweke vigae visivyoteleza. Vile vinavyong'aa kama kioo viachie sebule.

Mahali hasa inaposimama mashine pawe tambarare. Watu wengi husambaza mteremko chumba kizima, halafu hushangaa mashine inatembea. Tumia pimamaji juu ya mashine, mbele na ubavuni, rekebisha miguu, kisha kaza nati za kufungia miguu. Nati zikiachwa huru, mtikisiko utairudisha miguu ilipokuwa.

Tundu la sakafuni nalo lina tabia yake: maji ya mpindo wake hukauka yasipopata mapya, na harufu hupanda. Mimina lita moja ya maji kila baada ya wiki mbili au tatu.

Ukitaka kuinua mashine kuokoa mgongo, jenga jukwaa la matofali au zege la sm 30 hadi 40 lenye kingo ndogo. Jukwaa la mbao hupiga kelele na kutetereka. Ukiinua mashine, pandisha na bomba la kusimama kwa kiasi hichohicho, maana kimo cha bomba hupimwa kutoka pale mashine inapokanyaga.

Umeme

Mashine inayochemsha maji hula wati 2,000 hadi 2,400. Kwenye volti 230 hiyo ni karibu ampia 10. Pasi nayo ni kiasi hicho. Zikichomekwa pamoja kwenye soketi ya waya wa kurefusha, plagi huanza kuyeyuka kabla hujasikia harufu. Mashine ya kufulia iwe na laini yake kutoka kwenye boksi, ya kukaushia laini yake, na zote zilindwe na kikata umeme kinachohisi uvujaji wa miliampia 30. Waya wa ardhi si wa hiari hapa.

Soketi zikae mita 1.1 hadi 1.2 kutoka sakafuni, pembeni mwa mashine, si nyuma yake, na mbali na sinki angalau sm 60. Waya ukitoka kwenye mashine, acha kitanzi kidogo kinachoning'inia chini ya usawa wa soketi. Tone likitiririka litaishia kwenye kitanzi.

Hewa, ambayo wengi huisahau

Mzigo wa kilo 5 uliokamuliwa vizuri bado hubeba lita 2.5 hivi za maji. Ukianika ndani, maji hayo yote huhamia hewani, kisha ukutani na kwenye dari. Dirisha peke yake husaidia likiwa na mlango au tundu mkabala nalo. Pasipo na dirisha, funga feni ya kutoa hewa nje. Hesabu ni rahisi: zidisha urefu, upana na kimo cha chumba, kisha uzidishe kwa 10. Chumba cha mita 2 kwa 2 chenye kimo cha 2.5 kina mita za ujazo 10, hivyo feni iwe ya mita za ujazo 100 kwa saa. Acha uwazi wa sm 1.5 chini ya mlango, kwa kuwa feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia.

Ya kukaushia inayopuliza nje inahitaji bomba la chuma la mm 100, fupi, lenye kona chache, linalotoka nje kabisa na si kuishia juu ya dari. Bomba la plastiki lenye mikunjo hunasa nyuzi za nguo, na nyuzi kavu karibu na joto huwaka kirahisi. Safisha kichujio kila mzigo. Kama kutoboa ukuta hakuwezekani, nunua ya pampu ya joto: haihitaji bomba na hula umeme pungufu, ingawa hukausha polepole.

Kwa kuanika, fimbo ikae sm 30 kutoka ukutani, kwa sababu henga ina upana wa sm 45 hivi na nguo bichi isiguse rangi. Kimo cha sm 110 kutoka kaunta kinatosha shati. Gauni refu linataka sm 150 bila kitu chini. Kichanja kinachopandishwa darini kwa kamba na kapi ndicho kinachookoa nafasi kuliko vyote.

Kabati, kaunta na rafu

Kaunta juu ya mashine ya mlango wa mbele iwe sm 90 kutoka sakafuni, ikiacha sm 2 juu ya mashine ili mtikisiko usiipige. Sinki liwe na kina cha sm 25 hadi 30. Lenye kina kidogo hurusha maji ukiwa unasugua kola. Bomba lake liwe na shingo ndefu ya kupitisha ndoo.

Mbao za unga ulioshindiliwa huvimba zikinyonya maji kwa chini. Weka kabati juu ya miguu ya sm 10 hadi 15 au tumia plaiwudi ya kuhimili maji, kingo zote zikiwa zimezibwa.

Milango ya kuficha mashine inapendeza kwenye picha, lakini mashine ya mlango wa mbele inapaswa kuachwa wazi kidogo baada ya kufua, la sivyo mpira wa mlangoni huota ukungu. Ukiitaka milango hiyo, iwe na matundu na iache kina cha kutosha mlango wa mashine ukae nusu wazi. Usizibe pia kile kifuniko kidogo cha chini mbele. Ndani yake mna kichujio cha pampu, na kukisafisha kunataka sahani bapa ipite chini yake.

Rafu za sabuni ziwe na ukingo mdogo mbele, maana chupa husogea taratibu wakati wa kukamua hadi zidondoke. Sabuni ya unga ihamishie kwenye chombo cha kufunga vizuri isigande. Dawa ya klorini ya kung'arishia ibaki kwenye chupa yake, juu ya mita 1.5 au kabatini kwenye kitasa, mbali na siki na dawa za tindikali za kusafishia choo. Zikichanganyika hutoa gesi ya sumu.

Mwanga na sura

Taa ya darini peke yake hukuweka kivulini mwako. Weka mkanda wa taa za LED chini ya rafu, mbele ya macho, wenye mwanga wa kelvini 4,000 na usahihi wa rangi (CRI) wa 90 au zaidi kati ya 100. Chini ya taa ya manjano, doa la chai kwenye shati jeupe halionekani mpaka ulivae nje.

Kwa rangi, mbili au tatu zinatosha, na moja iwe nyepesi. Chumba hiki tayari kina chupa, ndoo na nguo za kila rangi. Vigae hadi mita 1.2 ukutani, juu yake rangi ya kufutika yenye mng'ao kidogo. Grauti ya kijivu huficha uchafu kuliko nyeupe. Rafu wazi moja ya vitu vizuri inatosha. Nyuzi za nguo hutua kila mahali, na kila rafu wazi ni kazi ya kitambaa kila wiki.

Kabla ya kumlipa fundi

Mwaga ndoo ya lita 10 sakafuni na uangalie: baada ya dakika chache pasibaki dimbwi. Jaza sinki hadi ukingoni, uliachie kwa mkupuo, na upitishe karatasi kavu ya shashi kwenye kila kiungo chini yake. Ikilowa, kiungo kikazwe. Toa bolti ndefu za usafirishaji nyuma ya mashine mpya, kwa kawaida ni 3 au 4, na uzihifadhi kwa siku ya kuhama. Kisha endesha mzunguko mfupi bila nguo, ukisimama karibu na bomba la kusimama wakati maji yanatoka. Maji yakipanda hadi mdomoni, bomba ni jembamba au limeziba, na huo ndio wakati wa kulifungua, fundi akiwa bado na vifaa vyake sakafuni.