Gawa akiba kwa msimu, si kwa miezi 12

Kama riziki yako hapa Lamu ni mashua au wageni, usigawe lengo la mwaka kwa 12. Shilingi 57,000 ni 4,750 kila mwezi, na Juni, kusi ikivuma na mashua zimepandishwa pwani, utazitoa wapi? Afadhali 10,000 kwa miezi mitano ya upepo wa kaskazi, Novemba hadi Machi, kisha 1,000 tu kwa miezi saba iliyobaki. Jumla ni ile ile. Pesa za Idi zitengee fungu lake mbali, tusidanganyane. Kwenye kalenda ya ukutani andika kilichobaki kufikia lengo, si ulichoweka. Na pesa ikiingia M-Pesa, ifungie M-Shwari, akaunti ya akiba iliyo ndani ya M-Pesa, siku hiyo hiyo, kabla michango ya harusi haijaisikia.