Bomba la chuma limeliwa na kutu: likatwe au liachwe?

Nimeandika baada ya kumsaidia fundi mwenzangu aliyekuwa na bomba la inchi 8 lililofukiwa. Hesabu za hapa ni za bomba hilo: kipenyo cha nje milimita 219.1, ukuta milimita 6.35 lilipokuwa jipya.

1. Shusha presha, chimba. Sululu iishie mbali na bomba. Chimba hadi chini ya tumbo lake, maana unyevu hukaa huko.

2. Safisha kwa brashi ya waya. Grinda sitaki kuiona hapa: inakula chuma kilekile unachotaka kukipima.

3. Pima kina na urefu. Hapa ndipo kazi ilipo. Mafundi wengi hupima kina cha kishimo tu, na hapo ndipo uamuzi unapoharibika. Kwa kanuni ya ASME B31G (kanuni ya wahandisi wa Marekani ya kupima nguvu iliyobaki kwenye bomba lililoliwa na kutu), kutu iliyokula nusu ya ukuta kwa urefu wa milimita 20 inapunguza uwezo wa bomba hili kubeba presha kwa kama asilimia 5. Kina hichohicho kikienda milimita 150, unapoteza kama asilimia 27. Urefu unapimwa kwa kufuata bomba, si kulizunguka.

Mashine ya kupima unene kwa mawimbi ya sauti haikai vizuri juu ya kishimo. Iweke kwenye chuma kisicho na vishimo pembeni, kisichokuwa na rangi wala lami, upate unene uliopo. Kutu ya ndani nayo itajitokeza hapo. Kisha kwenye unene huo ondoa kina cha kishimo ulichokipata kwa geji ya sindano (kifaa ambacho sindano yake huingia kishimoni kupima kina), upate chuma kilichobaki chini ya kishimo. Vishimo viwili vikikaribiana kwa chini ya mara tatu ya unene wa ukuta (hapa kama milimita 19), vihesabu kuwa kidonda kimoja. Na kumbuka kanuni hii inahusu presha ya ndani peke yake. Kama malori yanapita juu, mwite mhandisi.

4. Amua. Kina kikizidi asilimia 80 ya ukuta, kata, hata kama kishimo ni kidogo kama punje ya mtama. Kikiwa chini ya hapo, piga hesabu ya kanuni, ukiacha nafasi ya kishindo cha maji valvu inapofungwa ghafla.

5. Ukiunga kipande kipya, kipake kinga ya kutu na kukifunga vizuri kuliko cha zamani. Chuma kipya kikigusana na cha zamani kwenye udongo mmoja, kipya ndicho huliwa kwanza.