Seri ya tablo zako: changanya rangi ya chini mara moja

Wee mwanafunzi wa huku Lubumbashi mwenye uko unafanya seri ya tablo juu ya maisha yako kwa kosi ya arti, tafazali usimalize moja njo uanze ingine. Kata vitambaa vyote siku moja, hata vya mufuko ya unga (mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichoraka historia ya inchi yetu ku mifuko ya unga miaka ya 1970, leo zingine ziko mu mize (makumbusho) ya Ulaya), kaza ku kadre ya mbao, paka nyeupe ya akriliki mara mbili, kisha changanya rangi moja ya chini (ile unapaka ku kitambaa kizima mbele ya kuanza kuchora), mi napenda ile nyekundu ya udongo wetu, nyingi ya kutosha zote, uiweke mu chupa ya mayonezi yenye mufuniko, juu ukichanganya tena kesho haitafanana hata ujikaze namna gani. Itatokeza kidogo katikati ya mistari ya brashi na njo itaunganisha tablo zote, hata moja ikiwa ni mama ku jiko na ingine ni wewe peke yako mu chumba. Zisimamishe zote ku ukuta, uzifanye kwa zamu. Kama uko na rangi ya mafuta, ikuje juu ya akriliki, akriliki juu ya mafuta inabandukaka.