Mwalimu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), usimpime mtoto kwa kandambili zake

Ukishasema "huyu kwao hawajali shule" unaanza kumruka, humsomeshi kwa sauti, akikwama silabi ya pili unamwambia kaa chini, mwisho kweli hajui kusoma afu unasema si nilijua. Sasa fanya hivi: wiki ya kwanza wape wote kifungu kilekile, mmoja mmoja, andika silabi zinazomshinda kila mtoto, ndo upange makundi, na wa nyuma wahamie mbele. Akikwama, wewe hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla hujamsaidia. Mama anauza vitumbua hafiki kikao? Mpigie jioni, mwambie mtoto amsomee maandishi ya mfuko wa sembe, hata kama mama mwenyewe hajui kusoma.